Lindo la Mgonjwa

Ndugu askari na polisi, kungoja tiba ya saratani ni lindo refu. Pale Mulago, Kampala, penye Taasisi ya Saratani iliyoanzishwa mwaka 1967, tulimkuta sajini mmoja akingoja siku yake ya mionzi. Mbele yake palikuwa na bao, ambalo Waganda huliita omweso: mashimo 32, kete 64. Alitueleza kwamba ahesabupo kete, hahesabu siku.

Mchezo si dawa, naye hakosi miadi ya daktari. Lakini moyo uliochangamka hulistahimili lindo. Basi mwenzetu auguapo, tusimkwepe kwa kukosa la kusema. Twende tukacheze naye, wala tusimwachie ushindi kwa huruma. Yeye angali askari.