Wasifu kwa Kazi ya Siku Arobaini

Kwenye kompyuta ya steshenari, hasa ile iliyo jirani na ofisi za halmashauri, huwa kuna faili lililohifadhiwa kwa jina la "barua ya kazi". Mwombaji akifika, mhudumu hulifungua, hufuta jina la mteja aliyetangulia na kuandika la huyu aliyesimama mbele yake. Mengine hubaki kama yalivyo: "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni kijana wa Kitanzania mwenye afya njema na akili timamu..." Barua hiyo imekwisha kuomba udereva, ukarani, uhasibu na uafisa mradi, na bado ina nguvu ya kuomba kazi nyingine kesho.

Kwa ajira ya kudumu serikalini, tabia hiyo ina madhara madogo kuliko inavyodhaniwa. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hutaka wasifu unaojitosheleza, vyeti na majina ya wadhamini watatu, kisha huwaita waliotimiza vigezo kwenye usaili. Kwa nafasi zenye waombaji wengi, kwanza kuna usaili wa mchujo, ambao kwa kawaida ni mtihani wa kuandika, halafu ndipo mahojiano ya ana kwa ana. Wasifu humfikisha mtu ukumbini; mengine atajieleza mwenyewe.

Kazi ya mkataba haiendi hivyo. Shirika linalotafuta mtu wa kutathmini mradi kwa siku arobaini halina muda wa kuwaita watu mia mbili kwenye mtihani. Jopo la watu wachache hukaa na karatasi zilizotumwa, huzipa alama, na mara nyingi mambo huishia hapo. Karatasi zenyewe ndizo usaili.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataja mikataba ya aina tatu: wa muda usiotajwa, wa muda maalumu, na wa kazi maalumu. Mshauri elekezi anayelipwa kwa ankara kwa kawaida yuko nje ya mpangilio huo, kwa sababu yeye anauza huduma. Anayeajiri kwa miaka thelathini hujiuliza mtu huyu atakua hadi wapi, ataelewana na wenzake, atafundishika. Mwenye kazi ya siku arobaini hana haja ya kumfundisha mtu. Anataka kujua kama mwombaji amewahi kuifanya kazi ya namna hii, na kama ataikabidhi kwa tarehe iliyopangwa.

Maswali yote ya usaili huo wa karatasi yamo kwenye hadidu za rejea. Humo hutajwa usuli wa mradi, majukumu, vitu vya kukabidhiwa, muda, sifa za mwombaji, na mara nyingi jedwali la alama. Waombaji wengi husoma sifa na tarehe ya mwisho, wakaliruka jedwali. Ni hasara kubwa.

Chukua matangazo ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP. Mengi yanayowahusu washauri binafsi hugawa alama 70 kwa upande wa kitaalamu na 30 kwa bei. Asiyefikisha asilimia 70 ya alama za kitaalamu, yaani 49, bei yake haiangaliwi. Bei ya chini kuliko zote hupewa 30 kamili, na nyingine hupunguziwa kwa uwiano. Tuseme mwombaji wa kwanza amepata 60 za kitaalamu na anataka shilingi milioni 12, wa pili amepata 50 na anataka milioni 9. Wa pili anabeba 30 zote za bei, jumla 80. Wa kwanza anaambulia 22.5 kwenye bei, lakini jumla yake ni 82.5, na mkataba ni wake ingawa ametaka milioni tatu zaidi. Alama hizo kumi si lazima ziwe zimetoka kwenye shahada ya ziada. Huenda mwenzake alikuwa na uzoefu uleule, ila aliufukia ukurasa wa tano, chini ya semina ya huduma ya kwanza ya mwaka 2011.

Sasa tuseme tangazo ni la kutathmini mradi wa maji vijijini mkoani Dodoma, na mwombaji aliwahi kuwa afisa ufuatiliaji na tathmini. Wasifu wa mazoea utasema: "Majukumu: kukusanya takwimu, kuandika ripoti, kuhudhuria vikao na kufanya kazi nyingine zozote nitakazopangiwa na mkuu wangu wa kazi." Maneno hayo yamenakiliwa kutoka kwenye barua ya ajira, na yangemfaa yeyote aliyewahi kukalia kiti kile, hata aliyekuwa akisinzia. Kwa tangazo hili, mstari ungeweza kusomeka: "Nilisimamia wadodosaji 12 katika vijiji 30 vya Kongwa na Chamwino; takwimu zilikusanywa kwa KoboToolbox na ripoti ya mwisho ikakabidhiwa ndani ya wiki tisa." Kazi ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba jopo linaona idadi, mahali, zana na muda, mambo manne ambayo hadidu za rejea zenyewe zimeyauliza.

Benki ya Dunia imelifanya jambo hili kuwa la lazima. Katika zabuni za kampuni za ushauri, wasifu wa kila mtaalamu hujazwa kwenye fomu maalumu. Kwenye historia ya ajira, kila kazi huandikiwa muhtasari wa shughuli zinazohusiana na jukumu linaloombwa, si kila kitu kilichowahi kufanyika. Mwishoni kuna sehemu nyingine: upande mmoja majukumu atakayopewa mtaalamu huyo, upande wa pili kazi za nyuma zinazothibitisha kwamba anayaweza. Hata anayeomba mahali pasipo na fomu hiyo anaweza kujichorea jedwali la namna hiyo kwenye karatasi ya pembeni kabla ya kuanza kuandika. Pengo likijitokeza upande wa pili, ni afadhali alione yeye kwanza kuliko jopo.

Barua nayo ina kazi yake, nayo si kurudia wasifu kwa sentensi ndefu. Ukurasa mmoja unatosha. Jopo linatafuta dalili kwamba mwandishi ameuelewa mradi, na dalili hizo huonekana kwenye mambo madogo. Kwa tathmini ile ya Dodoma, anayejua kwamba Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 iliunda RUWASA, wakala wa maji vijijini, na kwamba miradi ya vijijini inaendeshwa na vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, ataandika tofauti na anayezungumzia "wananchi kukosa maji" kwa jumla. Aya inayofuata ielezee kazi moja tu iliyofanana na hii: nini kilikwama, kilikwamuliwaje, nini kilikabidhiwa. Kisha tarehe ambayo mwombaji yuko tayari kuanza. Jambo hili husahaulika mno, wakati kwa mkataba mfupi lina uzito kama shahada. Bei isiguswe humo ikiwa tangazo limetaka iwe kwenye faili lake peke yake. Kuitaja kwenye barua kunaweza kumtoa mtu kabla hajasomwa.

Na kabila, dini na hali ya ndoa? Bado zinaandikwa kwenye wasifu mwingi, ingawa kifungu cha 7 cha sheria ileile ya 2004 kinakataza ubaguzi kwa misingi hiyo, kwa mwombaji kazi sawa na kwa mfanyakazi. Isipokuwa tangazo limeyataka, yanakula mistari bure.

Mambo haya hayawahusu wenye shahada za uzamili peke yao. Sensa ya Agosti 2022 ilihitaji makarani wengi wa muda mfupi nchini kote, na madodoso yalijazwa kwenye vishikwambi. Mwaka 2024 uboreshaji wa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, uliozinduliwa Kigoma mwezi Julai, ulihitaji waandishi wasaidizi na waendesha vifaa vya bayometriki. Kwa kazi kama hizo, kijana wa kidato cha nne anayeeleza kwamba ni mkazi wa kata husika, anavijua vitongoji vyake, na aliwahi kuandikisha wanachama wa kikundi kwa simu janja, amesema mengi kuliko anayejinadi kuwa ni "mchapakazi na mwepesi wa kujifunza". Halmashauri nyingine hutaka barua iandikwe kwa mkono. Hapo hata mwandiko unasomwa.

Kundi jingine limeongezeka tangu mwanzoni mwa 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje na hatimaye kuifunga USAID. Wataalamu wa afya, wahasibu na maafisa takwimu wa Tanzania, Kenya na Uganda waliozoea miradi ya miaka mitano wamejikuta wakiomba kazi za miezi miwili. Wasifu wao una kurasa nane zilizopangwa kwa majina ya miradi na vifupisho ambavyo mtu wa nje havijui. Wanachohitaji ni kuupanga upya kwa aina za kazi: tathmini, mafunzo, usimamizi wa ruzuku, mifumo ya takwimu. Miezi isiyo na kazi kati ya mkataba na mkataba haina haja ya kufichwa. Kichwa kimoja, "Kazi za ushauri, 2020 hadi sasa", huikusanya mikataba midogo mahali pamoja, kila mmoja na mteja wake na tarehe zake.

Kupanga upya kuna mpaka, na Tanzania inaukumbuka vizuri. Aprili 2017 Rais John Magufuli alipokea Dodoma orodha ya watumishi wa umma 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi, akaagiza waondolewe kazini. Mwombaji anaruhusiwa kuchagua la kutanguliza na la kuacha. Haruhusiwi kuugeuza mkataba wa miezi mitatu kuwa wa mwaka, wala kujipa uongozi wa timu aliyokuwa mjumbe wake. Fomu ile ya Benki ya Dunia huishia na tamko la kusainiwa, linaloonya kwamba taarifa za uongo zinaweza kumwondoa mtu kwenye kazi na kumletea vikwazo vya benki.

Kwa kazi za mkataba, uongo wa namna hiyo hufichuka haraka pia kwa njia ya kawaida kabisa: simu kwa mdhamini. Ndiyo maana orodha ya wadhamini nayo ibadilike kulingana na tangazo. Mhadhiri aliyemfundisha mtu miaka kumi iliyopita anaweza kusifu tabia, lakini meneja aliyepokea ripoti yake mwaka jana ndiye anayejua kama ilifika kwa wakati. Mdhamini apigiwe simu kwanza, aombwe ruhusa, kisha atumiwe tangazo pamoja na wasifu uleule uliopelekwa, ili akiulizwa kuhusu vijiji vile thelathini vya Kongwa na Chamwino asianze kubabaika.