Mtoto Asiyesema, Tumpe Karatasi



Tangu vita vilipofika Goma mwezi wa kwanza 2025, tunaletewa watoto wengi tuwaombee. Mzazi anasema: anakojoa kitandani, anapiga kelele usiku, hachezi tena na wenzake. Halafu jirani anaongeza neno moja: mlozi.

Tusilipokee neno hilo. Mara nyingi hizo ni alama za jeraha la moyo. Mtoto aliona maiti njiani, alisikia mabomu, na hana maneno ya kuyaeleza. Sheria ya nchi yetu ya 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumshitaki mtoto kwa ulozi. Na katika Marko 10, Bwana wetu alikasirika alipoona watoto wanazuiwa kumfikia.

Njia moja ya kumsaidia ni kuchora. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, katika geto ya Terezín, mchoraji Friedl Dicker-Brandeis aliwafundisha watoto Wayahudi kuchora. Yeye aliuawa Auschwitz mwaka 1944, na wengi wa watoto wale pia waliuawa. Lakini masanduku mawili yenye michoro yapata 4.500 yalibaki. Ndani yake kuna vitanda vya geto na walinzi, lakini pia nyumba, maua na vipepeo. Mtoto huchora yanayomwogopesha, na tena anayoyatamani.

Katika shule ya Jumapili tufanye hivi. Tuwape karatasi na kalamu za rangi. Zikikosekana, makaa na kipande cha karto vinatosha. Asiyetaka asilazimishwe. Tusiulize, "Kwa nini umechora hivi?" Tuseme, "Niambie juu ya picha yako," kisha tunyamaze. Rangi nyeusi si pepo. Pengine ni kalamu pekee iliyobaki. Picha yake tusiionyeshe mbele ya kanisa.

Kuchora hakuchukui nafasi ya mganga. Mtoto akisema anataka kufa, tumpeleke hospitali bila kukawia. Akisema alibakwa, afike huko kabla ya saa 72 kupita. Hata zikiisha, apelekwe.

Je, ni kukosa imani? Hapana. Katika 1 Wafalme 19, Elia alitamani kufa. Malaika alimlisha mara mbili, akamwacha alale, ndipo Mungu akasema naye. Tuombe, na tuwape karatasi.