Kinachokufa Ndani ya PlayStation 2

PlayStation 2 iliingia sokoni Japani tarehe 4 Machi 2000, na Sony wakaacha kuitengeneza mwanzoni mwa mwaka 2013, zaidi ya milioni 155 zikiwa zimeshauzwa duniani. Pita Sinza leo, kuanzia Mori hadi Kumekucha, utaikuta bado iko kazini: kibanda cha gemu, TV mbili tatu, benchi la mbao, na madogo wanasubiri zamu ya mechi. Mashine nyingi kati ya hizo zina umri mkubwa kuliko wanaozichezea. Huwashwa asubuhi na kuzimwa usiku, katika joto la Dar es Salaam, vumbi la mitaa ya ndani na umeme unaokatika na kurudi bila taarifa. Kwa nini hazijafa zote?

Jibu linaonekana ukishazifungua. Nilikaa na fundi mmoja karibu na barabara ya Shekilango, mezani kwake kuna PS2 ya toleo la kwanza, lile bonge, iliyoletwa kwa kuwa "haisomi". Skrubu zimejificha chini ya miguu ya mpira na vifuniko vidogo vya plastiki. Huwa ni nane au kumi kutegemea toleo. Kava la juu halivutwi kwa nguvu, kwa sababu kitufe cha kuwashia na cha kutolea diski vimeunganishwa na bodi kwa fleksi, utepe mwembamba wa waya unaochanika kirahisi.

"Hapo usivute, kaka," fundi aliniambia, akashika kava mwenyewe na kulilaza pembeni. "Wengi wanaleta mashine ina ugonjwa mmoja, wakishaijaribu nyumbani inakuwa na magonjwa mawili."

Kitu cha kwanza alichogusa kilikuwa sehemu ya umeme, na aliigusa kwa mita kabla ya kidole. Umeme wa Tanzania ni volti 230, lakini ukishanyooshwa kuwa wa mkondo mmoja unafika kilele chake, takriban volti 325, na hizo hutunzwa ndani ya kapasita moja kubwa iliyosimama kama pipa dogo. Kutoka hapo transista hukatakata umeme huo maelfu ya mara kwa sekunde na kuupitisha kwenye transfoma ndogo inayotoa volti chache zinazofaa bodi. Ukatakataji huo wa kasi ndio unaoruhusu transfoma iwe ndogo. Ile ya redio za zamani, iliyofanya kazi kwa hezi 50 tu za ukutani, ilikuwa kubwa na nzito. Sasa, kapasita ile kubwa hubaki na chaji hata baada ya waya kuchomolewa. Asiyejua hilo asifungue.

Hapa pia ndipo zilipofia mashine nyingi za mtumba kutoka Japani. Kule umeme ni volti 100, kwa hiyo kilele chake ni kama 141, na kapasita ya kuvumilia volti 200 inatosha kabisa. Mashine hiyo ikichomekwa kwenye soketi ya Sinza bila transfoma ya kushushia, kapasita inabebeshwa 325. Hupasuka, fyuzi inakatika, na chumba kinanuka. Lakini ona kilichosalimika: mara nyingi fyuzi, kapasita na vipande viwili vitatu vikibadilishwa, mashine huamka, maana moto haukufika kwenye bodi kuu.

Hata zile za volti 230 zina adui wao. Kapasita za aina hii zina kimiminika ndani, na kimiminika hukauka. Kanuni ya mafundi umeme duniani kote ni kwamba kila joto linapopanda nyuzi 10, umri wa kapasita hupungua kwa nusu hivi. Mashine iliyosukumwa kwenye kabati la TV, feni imezibwa vumbi, inajifupishia maisha kwa hesabu hiyo hiyo. Katika hii tuliyofungua, vumbi lilikuwa limeshikamana kwenye mapanga ya feni hadi likawa kama kitambaa, na pembeni mwa sehemu ya umeme kulikuwa na maganda ya mayai ya mende. Mende wanapenda pale: kuna joto, giza na utulivu. Mwili wa mende ukilala juu ya njia mbili za umeme mkubwa, unaziunganisha.

Ugonjwa wenyewe, hata hivyo, ulikuwa kwenye deki ya diski, na hapo ndipo mahali ninapopapenda kuliko pote katika mashine hii. Toa skrubu za kifuniko cha deki, utaona kitu ambacho mafundi wote wanakiita jicho: lenzi ndogo iliyoning'inizwa kwa nyaya nyembamba sana, juu ya kigari kinachotembea kwenye reli mbili.

Njia za data kwenye DVD zimepishana kwa mikromita 0.74. Upana wa unywele mmoja wa kichwani unazibeba zaidi ya 90. Diski inazunguka kwa kasi, na hakuna diski iliyonyooka kabisa. Inapanda na kushuka kila mzunguko. Lenzi inapaswa kuifuata juu, chini, kushoto na kulia, mamia ya mara kwa sekunde, bila kuigusa. Huifuata kwa koili mbili ndogo zilizo katikati ya sumaku: mkondo ukiongezeka, lenzi inasogea. Na inajuaje iko mbali au karibu? Mwanga unaorudi kutoka kwenye diski huangukia kipokezi kilichogawanywa vipande vinne. Lenzi ikiwa mahali pake, doa la mwanga ni duara. Ikikaribia mno, doa linakuwa yai lililolalia upande mmoja. Ikiwa mbali, upande wa pili. Saketi inalinganisha vipande vinne na kurekebisha papo hapo. Sijui kitu kingine kinachouzwa kwa bei ya kawaida kinachofanya kazi nyembamba kiasi hicho katika chumba chenye vumbi.

Mwanga wenyewe ni wa aina mbili. DVD husomwa na leza nyekundu ya nanomita 650, CD na leza ya nanomita 780 ambayo jicho la mtu halioni vizuri, na usiangalie jicho la mashine kuhakikisha kama "linawaka", kwani leza inaweza kuumiza bila wewe kuona. Leza hizi mbili huzeeka kila moja kwa wakati wake. Ndiyo maana fundi ana diski mbili za majaribio mezani, moja ya fedha na moja yenye tumbo la bluu. Gemu za PS2 zilizotolewa kwenye CD zilikuwa za bluu upande wa kusomwa. Mashine inayokubali bluu na kukataa fedha imepoteza leza ya DVD. Inayokataa zote mbili, kwanza inakaguliwa reli.

Yetu ilikataa zote mbili. Alifuta lenzi kwa pamba na spiriti, kisha akasukuma kigari kwa kidole. Kiligoma katikati ya njia. Grisi ya kiwandani ilikuwa imekauka na kuchanganyika na vumbi. "Watu wananunua jicho jipya, kumbe shida ni grisi," alisema huku akisugua reli.

Wapo mafundi wanaokimbilia rezista ndogo ya kuzungushwa iliyo kwenye kigari, na kuongeza mkondo wa leza iliyochoka. Hufanya kazi, kwa muda. Leza inayosukumwa mkondo mwingi huchakaa haraka zaidi, kwa hiyo mteja anarudi na safari hii hakuna cha kuongeza. Vibanda vingi vimeamua kuachana na jicho kabisa: gemu hupakiwa kutoka kwenye flashi, kwa memori kadi iliyochakachuliwa. Tatizo ni kwamba mlango wa USB wa PS2 ni wa kizazi cha kwanza, usiopitisha zaidi ya megabaiti 1.5 kwa sekunde, wakati deki ya DVD ilifikia kama 5.3. Ndiyo sababu filamu za katikati ya gemu hukwama kwenye flashi, huku mechi ya mpira ikiendelea vizuri zaidi.

Chini ya deki na ngao za chuma ndipo ilipo bodi. Chipu kuu, Emotion Engine, ilibuniwa na Sony pamoja na Toshiba na hutembea kwa megahezi 294 na ushee. Kazi yake kubwa ni kuzidisha namba nne kwa mpigo mmoja, kwani kila nukta ya mwili wa mchezaji uwanjani huhesabiwa upya kila picha inapobadilika. Jirani yake, Graphics Synthesizer, ina megabaiti 4 tu za kumbukumbu, lakini zimewekwa ndani ya chipu yenyewe, hivyo rangi hazisafiri mbali. Mashine nzima ina megabaiti 32 za kumbukumbu kuu. Simu ya gigabaiti 4 ina mara 128 ya hizo. Na kuna chipu ya tatu ninayoipenda: kichakataji cha PlayStation ya kwanza ya 1994, kilichopewa kazi ya kuhudumia pedi na deki, na kurudi kwenye kazi yake ya zamani ukiweka gemu ya zamani.

Japani waliichukulia hesabu hii kwa uzito. Aprili 2000 serikali yao iliweka masharti ya kusafirisha PS2 nje, kwa hofu kwamba uwezo wake ungeweza kutumika kuongoza makombora. Mwaka 2003 kituo cha NCSA huko Illinois, Marekani, kiliunganisha PS2 70 kuwa kompyuta moja ya utafiti.

Chipu hizi karibu hazifi. Hazina kinachosogea wala kimiminika, na joto lake ni la wastani. Kilichokufa katika mashine zote alizonionyesha fundi ni kilichogusana na dunia: umeme, vumbi, mwendo, mwanga. Na hivyo vyote bisibisi inavifikia. Kizazi kilichofuata hakikuwa na bahati hiyo. Xbox 360 za mwanzo zilikufia ndani ya chipu, pale viunganishi vidogo vilipopasuka kwa joto la kupanda na kushuka. Mwaka 2007 Microsoft ilitenga zaidi ya dola bilioni 1 kwa ajili ya matengenezo hayo.

PS4 ina kizuizi kingine, na hiki kimewekwa kwa makusudi: deki yake imefungamanishwa kwa namba za siri na bodi kuu, kwa hiyo deki nzima kutoka PS4 nyingine haitakubaliwa. Naona ni makosa. Kuzuia wizi wa gemu hakuhitaji kumzuia fundi kubadilisha mota iliyoungua. Huko Marekani, sheria za haki ya matengenezo za majimbo ya California za mwaka 2023 na Oregon za 2024 ziliziacha nje mashine za gemu. Kanuni za hakimiliki za Marekani ziliruhusu mwaka 2021 kufuli hilo livunjwe kwa ajili ya kutengeneza deki, lakini ruhusa hiyo haikugusa kuuza au kugawa vifaa vya kulivunjia.

Kwa hiyo huku Sinza fundi huhamisha bodi ndogo ya deki ya zamani na kuifunga kwenye mitambo ya deki nyingine, na mashine inadhani hakuna kilichobadilika. Bodi hiyo ndogo ikiwa imeungua, anamwambia mwenye PS4 kwamba kuanzia hapo ni gemu za kupakua tu, na bando atafute mwenyewe.