Usiniulize Kundi la Telegram

Swali huja na adabu zote. "Shikamoo mtaalamu, nina milioni moja na nusu imekaa tu benki, naomba unielekeze kundi zuri la Telegram la kujifunzia uwekezaji." Wengine huuliza kozi. Wengine wameshalipia, wanachotaka kwangu ni kuambiwa kwamba hawajaliwa. Kujibu mmoja mmoja kumenichosha, kwa hiyo someni wote: kundi zuri silijui, na hilo ulilotumiwa na shemeji yako ni duka.

Imani yenyewe ni hii. Eti wapo vijana wanaojua bei ya dhahabu au ya dola itaelekea wapi kesho, na kwa elfu hamsini kwa mwezi watakunong'oneza saa ya kununua na saa ya kuuza. Nikipinga naambiwa, "Lakini mtaalamu, mimi mwenyewe nimemwona akipatia mara tano mfululizo."

Sibishi, umemwona. Chukua namba za simu 1,024. Nusu waambie dhahabu kesho itapanda, nusu waambie itashuka. Kesho yake wapo 512 walioambiwa kweli. Wale wengine achana nao, hawa wagawe tena, fanya hivyo siku tano. Watabaki watu 32 ambao kila mmoja ameshuhudia utabiri ukitimia mara tano bila kukosea hata mara moja. Hao hawahitaji kushawishiwa tena. Watauza pikipiki wenyewe. Aliyetuma ujumbe hajui lolote kuhusu dhahabu na wala hakuhitaji kujua.

Zile picha za faida unazotumiwa asubuhi je? Programu za foreksi humpa yeyote akaunti ya majaribio yenye maelfu ya dola za kuchezea. Kijana anafungua kadhaa, kwenye moja ananunua, kwenye nyingine anauza, kisha anapiga picha ile iliyopata na kuikata sehemu inayoonyesha kwamba ni ya majaribio. Hajatia mfukoni wala hajatoa mfukoni hata shilingi.

Pesa yake halisi inatoka kwako, tena mara mbili. Kwanza ada ya kundi. Pili, ulipojiunga na kampuni ya foreksi ulibonyeza kiungo alichokupa yeye, na mara nyingi kiungo hicho humlipa kamisheni kwa kila biashara unayofanya, upate au ukose. Ndiyo maana anakuhimiza ufanye biashara kumi kwa siku. Na ndiyo maana anakusifia akaunti inayokukopesha mara 500 ya mtaji wako: laki moja yako inashika mzigo wa milioni hamsini. Hesabu iliyobaki huwa haifanywi kwenye kundi. Bei ikisogea asilimia 0.2 tu upande usiouombea, laki yako imekwisha, nawe ulikuwa unakunywa chai.

Mwaka 2018 wasimamizi wa masoko wa Umoja wa Ulaya walizibana kampuni zinazouza biashara za namna hii. Walieleza kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za wateja wa kawaida hupoteza pesa, wakaweka kikomo cha mkopo kisizidi mara 30 hata kwa sarafu kubwa, na wakalazimisha kila kampuni iwaonyeshe wateja asilimia yake ya wanaopoteza. Nenda kwenye tovuti ya kampuni inayohudumia Ulaya, utaikuta hiyo namba. Sijawahi kuiona imebandikwa kwenye kundi hata moja.

Kuna na ndugu wa kijana huyo wa Telegram, yule wa "asilimia 30 kwa mwezi, uhakika". Milioni moja ikikua hivyo bila kuguswa inafika milioni 23 na ushei kwa mwaka, na bilioni 12 na zaidi kwa miaka mitatu. Waliotia pesa, au "kupanda mbegu" kama walivyoita, kwenye upatu wa DECI mpaka ulipozimwa mwaka 2009 nao hawakuikokotoa hesabu hiyo.

Taarifa zenye maana zipo, ni za bure, na zinachosha kusoma. Kabla ya kumpa mtu pesa, tafuta jina lake kwenye orodha ya wenye leseni wa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, kama halimo, ondoka. Ya hatifungani soma Benki Kuu ya Tanzania kwenyewe, kalenda ya minada na matokeo yake, si video. Mwaka 2022 riba ya hatifungani mpya za serikali za miaka 20 ilishushwa kutoka asilimia 15.49 hadi 12.10, na wapo walioendelea kunitajia ile ya zamani kwa sababu mwalimu wao hakurekodi tena. Ya mfuko wa uwekezaji soma waraka wake: ada ni ngapi, pesa inawekwa wapi, ukitaka kutoa unalipwa baada ya siku ngapi.

Haya, ya kufanya. Pesa ya dharura, au utakayoihitaji ndani ya mwaka: Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, au akaunti ya muda maalumu benki, ukijua riba ya benki inakatwa kodi ya asilimia 10. Pesa ya miaka mingi: hatifungani za serikali, kuanzia milioni moja, kupitia benki au dalali mwenye leseni atakayekufungulia akaunti ya CDS ya kuzihifadhi, riba ya zile za muda mrefu haikatwi kodi. Hisa: Soko la Hisa la Dar es Salaam, kwa dalali au kwa huduma ya simu ya Hisa Kiganjani, ila soma kwanza hesabu za kampuni za miaka mitatu, na usitie ada ya shule ya Januari. SACCOS: ulizia leseni ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika, kisha uombe kuona hesabu zilizokaguliwa, wakikuzungusha, umeshajibiwa. Na kama una mkopo wa kausha damu, achana na yote haya mpaka uumalize, maana hakuna hatifungani inayolipa kwa kasi ambayo mkopo huo unakukamua.