Kebo ya Choki na Maradhi Yake

Mwenye Lambretta ya kale, aliyezoea kuvuta choki na kupiga kiki mara moja au mbili hata injini ikaitika, huenda siku moja akaona kishikio chavutika bila uzito wowote na pikipiki haitaki kuwaka. Hapo aghalabu huwa kebo imekatika; na wengi, kwa pupa ya kuondoka, hutia kebo mpya palepale pasi na kuuliza ile ya zamani imekufa kwa maradhi gani, na mpya nayo hupatwa na yale yale.

Ili maradhi yafahamike, yapasa kwanza ijulikane kazi ya choki yenyewe. Petroli haiwaki vyema ila igeuke mvuke, na injini ikiwa baridi sehemu yake kubwa hubaki matone na kushika kutani; na katika injini hizi za mipigo miwili, ambamo mchanganyiko hupita kwanza katika nyumba ya krenki kabla ya kufika silindani, njia ni ndefu na hasara yazidi. Kwa ajili hiyo kabureta ya Dell'Orto, iliyofungwa katika Lambretta nyingi, ina kijia cha pembeni kilichozibwa na kizibo kidogo kinachosukumwa chini na springi: kebo ikivutwa, kizibo huinuka, na petroli ya ziada hunyonywa na injini. Mnyonyo huo huwa na nguvu maadamu resi imefungwa, na apigaye kiki huku akivuta resi huipoteza faida ya choki hata kebo ikiwa nzima.

Waya ukikatika, springi hukifunga kizibo, injini ikawa nzito kuwaka asubuhi, lakini ikishapata moto huenda bila taabu. Amma waya ukikwama ndani ya ganda lake hali kizibo kingali juu, moshi huzidi, na plagi ikifunguliwa huonekana nyeusi, imelowa petroli. Atambuaye tofauti hii hatafungua kabureta bure.

Mahali pa kukatika ni karibu daima penye kichwa cha waya, yaani kile kipande kidogo kilicholehemewa nchani. Kichwa kikikauka hakigeuki katika tundu lake, na badala yake nyuzi za chuma hupindwa pale pale kila choki ivutwapo, zikakatika mmoja mmoja. Na katika miji ya pwani hewa ya chumvi huzila nyuzi hizo kwa haraka zaidi. Vespa nyingi za kale hutumia waya mgumu badala ya kebo laini, na huo haulehemewi bali hubadilishwa.

Atakaye kutengeneza kebo mpya na ajipatie waya wa kipimo kile kile, kichwa cha shaba na risasi ya kulehemia. Kabla ya kukata, apapake risasi mahali pa kukatia, ili nyuzi zisifumuke. Kisha apitishe waya katika ganda, kwani kichwa cha pili kikishalehemewa ganda halivaliki tena. Ncha ichomoze kidogo tu kichwani, nyuzi zifunguliwe mfano wa ua, zisafishwe mafuta yote kwa kitambaa chenye petroli, kisha kitambaa hicho kiwekwe mbali kabisa na moto. Joto liwe la kuyeyusha risasi na kuizamisha baina ya nyuzi, wala si moto mkali wa kuchomelea vyuma, ambao huulegeza waya na kuualika kukatika upya. Ziada ipigwe tupa, hata kichwa kigeuke chenyewe tunduni.

Ikishafungwa, pawepo ulegevu wa milimita 1 au 2 kabla ya kizibo kuanza kuinuka, kwa sababu kebo iliyokazwa mno huacha choki wazi daima, injini ikanywa petroli na kujaa masizi. Fauka ya hayo, ganda lisipindwe kwa ghafla, na vichwa vyote viwili vipakwe grisi kila pikipiki ifanyiwapo sevisi. Kebo isiyopata mafuta, hata iwe ya gharama kubwa, itakatika mahali pale pale.