Mtoto, skrini na mtu wa kumjibu

Swali ninaloulizwa zaidi na wazazi ni la saa: mtoto aangalie simu au televisheni kwa muda gani? Shirika la Afya Duniani lilijibu mwaka 2019: kabla ya miaka 2 skrini haishauriwi, kuanzia miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku, na ikipungua ni heri. Muda una uzito wake, wala sibishi. Ila fani yetu ya malezi na elimu ya awali imeonyesha jambo ambalo wazazi hawaniulizi: je, yupo mtu anayemjibu mtoto?

Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake wa Seattle, Marekani, walichapisha jaribio la watoto wa miezi 9 waliolelewa kwa Kiingereza. Baadhi yao walisomewa vitabu na kuchezeshwa kwa Kimandarini na wazungumzaji wa lugha hiyo, vikao 12. Wengine waliwaona wazungumzaji haohao kwenye televisheni. Waliokaa na mtu walijifunza kutofautisha sauti za Kimandarini ambazo Kiingereza hakina. Wa televisheni hawakupata kitu. Walilingana na watoto ambao hawakuwahi kuisikia lugha hiyo.

Rekodi haimwoni mtoto. Akinyoosha kidole, yenyewe inaendelea. Akishangaa, inaendelea tu. Hapo ndipo penye kasoro, si kwenye kioo. Mwaka 2014 Sarah Roseberry, Kathy Hirsh-Pasek na Roberta Golinkoff walionyesha kuwa watoto wa miaka 2 hivi hujifunza vitenzi vipya kwa mtu wanayezungumza naye kwa video papo kwa papo, lakini kwa video iliyorekodiwa hawajifunzi. Kwa hiyo baba aliye kazini Muscat akimpigia mwanawe wa Tanga kwa video, analea. Dakika hizo msizikate.

Kazi ninayoirudia mara kwa mara ni ya Lydia Plowman na Christine Stephen, walioifanya Scotland. Hawakuwaita watoto maabara. Walikwenda kwenye shule za awali, wakakaa na kutazama. Kompyuta ilikuwa mchezo kama michezo mingine, mtoto akijichagulia na kuachwa nayo. Mwalimu alifika zaidi pale zamu ilipogombaniwa au mtoto alipoomba msaada. Kilichokosekana ni mwongozo: mtu mzima kuketi kando, kuuliza, kuelekeza mkono, kufurahi pamoja na mtoto. Baadaye Plowman aliwafuata watoto wa miaka 3 majumbani kwa njia ninayoipenda sana. Wazazi walitumiwa ujumbe wa simu, nao wakajibu kwa picha na maneno machache: mtoto yuko wapi, yuko na nani, anafanya nini.

Tuna katuni nzuri za Kiswahili, kama Akili and Me ya shirika la Ubongo, iliyotengenezwa Dar es Salaam. Mama anayepika anaweza kuiacha icheze karibu yake, akawa anamuuliza mtoto kilichotokea, wakahesabu vitunguu kwa namba alizozisikia. Mwalimu wa chekechea mwenye darasa kubwa na kishikwambi kimoja hawezi kukaa na kila mtoto. Awaweke watatu au wanne pamoja, asimamishe video katikati, na mmoja awaeleze wenzake anachodhani kitafuata, hata wakibishana.