Mahindi matamu yakikosa mnunuzi, yakwangue siku hiyohiyo

Umeshavunja mahindi, mnunuzi anapiga simu: "Leo nachukua nusu tu." Yanayobaki usiyalaze ukisubiri kesho. Sukari huanza kugeuka wanga mara tu yanapovunjwa, na joto letu hili linaharakisha. Mimi huwaambia vijana: washeni jiko.

Bonyeza punje kwa ukucha. Ikitoa maji meupe, twende kazi. Ikitoa ujiuji mzito, hayo chemsha ule tu.

Menya, toa ndevu zote, tumbukiza kwenye maji yanayotokota dakika 4, kisha kwenye maji baridi sana. Simamisha hindi kwenye beseni, kata punje katikati, usifike kwenye gunzi. Halafu geuza kisu, ukwangue kwa mgongo wake kuelekea chini. Hapa ndipo wengi wanapoteza: wanatupa gunzi likiwa na maziwa bado, na hayo maziwa ndiyo krimu yenyewe! Wanga wake unafanya rojo iwe nzito bila unga wala maziwa ya ng'ombe. Weka siagi na chumvi, moto mdogo, koroga bila kuacha maana linashika chini upesi.

Poza, funga kwenye mifuko, weka friza, nyuzi 18 chini ya sifuri.

Ila chupa, hapana. Mahindi hayana uchachu, na kuchemsha kwa sufuria ya kawaida hakuui mbegu za bakteria wa botulizimu. Sumu yake inaua mtu, na chupa inaweza isinuke chochote. Huna friza? Pika ya kula leo, mengine uza mabichi jioni, hata kwa bei ya hasara.